Kutafuta pembe isiyojulikana kwa mlinganyo: maswali ninayoulizwa kila siku kwenye tuisheni

Nafundisha tuisheni ya Hisabati Tandika, jioni watoto wakishatoka shule, kwenye kibaraza chenye ubao wa kupakwa rangi nyeusi na mabenchi manne. Wengi ni wa Darasa la Sita na la Saba, na Jumamosi huja kundi dogo la Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kwenye mada hii ya pembe na x maswali ni yale yale mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo nimeona niyaandike pamoja na majibu yake. Soma lile linalokubana wewe, si lazima uanzie juu.

Kipimapembe ninacho kwenye mkebe. Kwa nini nisipime tu?

Kwa sababu mchoro wa kwenye mtihani hauchorwi kwa vipimo. Mtunga swali anachora pembe inayomkalia vizuri kwenye karatasi, kisha anaandika ndani yake nyuzi 70. Ukiipima unaweza kupata 58, na hujakosea kupima. Mchoro ule kazi yake ni kukuonyesha nini kinapakana na nini, mstari upi unakata upi, pande zipi ziko sawa. Kipimo chenyewe kimefichwa kwenye maandishi.

Kipimapembe kitumie kujifunza kuchora, na kuhakiki mchoro ulioupima mwenyewe. Hata hapo, wape watoto wawili pembe moja waipime, watapishana nyuzi moja au mbili. Mlinganyo haupishani.

Nikiona mchoro umejaa x nianzie wapi?

Usianze na x. Angalia kwanza pembe zimekaa wapi: ziko juu ya mstari mnyoofu? Zimezunguka nukta moja? Ziko ndani ya pembetatu? Ukishaona, sema sentensi nzima ya Kiswahili, kwa sauti kama uko nyumbani, moyoni kama uko kwenye mtihani. Kwa mfano: "Pembe hizi mbili zimelala juu ya mstari mnyoofu, kwa hiyo zikijumlishwa zinakuwa nyuzi 180."

Ukiisema hiyo umeshaandika mlinganyo, ila tu uko kwa maneno. "Zikijumlishwa" geuza iwe +, "zinakuwa" geuza iwe =. Tuseme pembe moja imeandikwa 3x + 10 na ya pili 2x + 20:

(3x + 10) + (2x + 20) = 180
5x + 30 = 180
5x = 150
x = 30

Pembe ya kwanza ni 3 × 30 + 10, yaani nyuzi 100. Ya pili ni 2 × 30 + 20, yaani 80. Mia na themanini, zimetimia.

Mimi kwangu asiyesema sentensi haandiki ubaoni. Wanaonichukia kwa hilo wapo, lakini nimeona madaftari mengi mno: kosa likitokea, mara nyingi mahesabu yako sawa kabisa, sentensi ndiyo haikuwa ya mchoro ule.

Hizo sentensi ziko ngapi? Nizikariri?

Chache kuliko unavyodhani. Kona ya mraba ni nyuzi 90. Mstari mnyoofu ni 180. Kuzunguka nukta mzunguko mzima ni 360. Pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa ni 180, za pembenne ni 360. Pembe zinazotazamana pale mistari miwili inapokatana ziko sawa. Ongeza mambo matatu ya mistari sambamba, nitayafikia, na pembetatu yenye pande mbili sawa ambayo pembe zake mbili za kitako nazo ziko sawa. Hizo zinatosha kwa karibu kila swali utakalokutana nalo shule ya msingi na mwanzo wa sekondari.

Na hiyo 360 haikushuka kutoka mbinguni. Watu wa Babeli ya kale, Iraq ya leo, walihesabu kwa sitini-sitini, na 360 ni namba ya raha: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila kubaki kitu.

Nimepata x = 30, mwalimu kanikosesha. Kwa nini?

Soma swali tena. Limeuliza x, au limeuliza pembe? Kwenye mfano wa juu x ni 30 lakini hakuna pembe yoyote ya nyuzi 30 pale. x ni ufunguo wa mlango, bado hujaingia ndani.

Nikitunga jaribio la kuchagua, thamani ya x huwa naiweka makusudi kati ya machaguo. Inawanasa wale wanaofurahi mapema.

Nijuaje kama pembe nazijumlisha au nazifanya ziwe sawa?

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mkasi, hata ule wa fundi cherehani, uufungue. Ncha mbili za chuma zimeachana mbele, na vishikio viwili vimeachana nyuma. Ukifungua zaidi mbele, nyuma nako kunafunguka kwa kiasi kile kile. Hizo ni pembe zinazotazamana, na haziwezi kupishana hata ungetaka, kwa sababu chuma ni kile kile kimoja kimepita moja kwa moja kwenye msumari. Sentensi yake: "Hii na ile ziko sawa."

Sasa angalia pembe ya mbele na ile ya ubavuni. Mkasi ukifunguka, ya mbele inakua na ya ubavuni inapungua. Moja inakula kwa mwenzake. Jumla yao ndiyo haibadiliki, ni 180 siku zote, maana zote mbili zimelala juu ya chuma kimoja kilichonyooka.

Kwa hiyo jiulize: nikiikuza hii kidogo, ile inakua au inapungua? Ikikua nayo, weka alama ya sawasawa kati yao. Ikipungua, zijumlishe.

Jaribu: barabara mbili zimekatana, pembe mbili zinazotazamana ni 4x − 15 na 2x + 35. Ziko sawa, kwa hiyo:

4x − 15 = 2x + 35
2x = 50
x = 25

Kila moja ni nyuzi 85, na ya ubavuni ni 180 − 85, yaani 95. Aliyejumlisha badala ya kusawazisha amepata 6x + 20 = 180, na x yake ni 26 na theluthi mbili. Akirudisha anapata pembe moja ya nyuzi 91 na kitu na nyingine ya 88 na kitu. Zinajumlika kuwa 180 vizuri tu! Ndiyo ubaya wa kosa hili, hesabu yenyewe haikupigii kelele. Ila angalia mkasi wako: tangu lini mbele kukawa 91 na nyuma 88?

Mistari sambamba inanichanganya. Z, F, C ni za nini?

Nenda Tabata Relini, au popote barabara inapokata reli kwa mshazari. Vyuma viwili vya reli havikutani, umbali kati yake ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa barabara ukavikata vyote viwili. Kwa kuwa vyuma vimelala upande mmoja, barabara inakikata cha pili kwa pembe ile ile iliyokikata cha kwanza. Pembe zilizo nafasi moja, yaani moja kwenye chuma hiki na pacha wake kwenye chuma kile, ziko sawa. Ukikoleza mistari inayozizunguka unaona herufi F. Zilizo ndani, kati ya vyuma, lakini pande mbili tofauti za barabara, zinatengeneza Z, na zenyewe ziko sawa. Zilizo ndani upande mmoja zinatengeneza C, na hizo zinajumlika kuwa 180. Herufi zaweza kuwa zimegeuka au kupinduka kichwa chini, usidanganyike.

Dar es Salaam tuna reli za upana wa aina tatu. Reli ya zamani ya kati ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, TAZARA ina 1,067, na ya kisasa ya SGR ina 1,435. Kuna mwanafunzi aliniuliza kama kwenye SGR pembe zitakuwa kubwa zaidi maana reli ni pana. Swali zuri kuliko mengi ya kwenye vitabu. Hapana: upana haumo kabisa kwenye sentensi. Pembe inaamuliwa na jinsi mstari ulivyoinama, si umbali wa mstari na mwenzake.

Mfano wa C: pembe mbili za ndani upande mmoja ni 5x + 4 na 3x + 16.

8x + 20 = 180
8x = 160
x = 20

Pembe ni 104 na 76. Moja butu, moja kali, kama zinavyopaswa kuwa kwenye C, isipokuwa barabara ikikata reli wima kabisa, hapo zote ni 90.

Kwa nini pembe za pembetatu zinajumlika kuwa 180 hasa?

Kata pembetatu kwenye boksi la sabuni, umbo lolote. Zipake kona zake tatu kalamu, zichane, kisha zipange ncha zikutane mahali pamoja. Zitalala juu ya mstari mnyoofu.

Kuchana boksi si uthibitisho, maana umechana moja tu. Uthibitisho unatumia ile Z: kwenye kilele cha pembetatu chora mstari sambamba na kitako. Pembe ya kushoto ya kitako inapanda juu kwa Z, ya kulia nayo inapanda kwa Z nyingine, ya kilele iko pale pale katikati. Zote tatu sasa ziko juu ya mstari mmoja mnyoofu. Euclid, aliyefundisha Alexandria nchini Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliithibitisha kwa kutegemea hizo hizo pembe za mistari sambamba, na haijapata kubadilika.

Swali halina mchoro, ni maneno matupu. Nifanyeje?

Chora mwenyewe, vibaya vibaya tu. Kisha tafuta pembe iliyo maskini kuliko zote, ile ambayo swali halijasema lolote juu yake isipokuwa kuilinganisha na wenzake. Hiyo ndiyo x.

"Pembetatu ina pembe moja iliyo mara mbili ya pembe ndogo. Ya tatu imeizidi ndogo kwa nyuzi 20." Ndogo ni x. Nyingine ni 2x. Ya tatu ni x + 20.

x + 2x + x + 20 = 180
4x = 160
x = 40

Pembe ni 40, 80 na 60.

Angalia maneno "mara" na "kwa". "Mara mbili ya" ni kuzidisha. "Imezidi kwa" ni kujumlisha. Kuna mtoto kila mwaka anaandika 20x kwa sababu ameona neno "imezidi" akasikia "zidisha". Si mjinga, Kiswahili kimemtega: neno moja la nyumbani limekuwa alama mbili darasani.

Mtego wa pili ni "pungufu". "Pembe ni pungufu kwa nyuzi 15 ya mara tatu ya x." Watoto wanaandika 15 − 3x kwa kuwa 15 imetajwa kwanza. Fikiria hela: ukiwa na hela pungufu kwa shilingi 500 ya nauli, umechukua nauli ukatoa 500. Kwa hiyo 3x − 15.

Uwiano ni rahisi zaidi. Pembe zikiwa kwa uwiano wa 2 : 3 : 4, ziite 2x, 3x na 4x. Jumla 9x = 180, x ni 20, pembe ni 40, 60 na 80.

Namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika kutoka jumlisha kuwa toa. Kwa nini?

Haivuki. Hicho ni kifupisho cha walimu, mimi pia nimekitumia, na kinawaharibu watu. Fikiria mizani ya sokoni imetulia, upande mmoja kuna mawe ya kilo na upande wa pili kuna mchele. Ukipunguza nusu kilo upande mmoja, punguza nusu kilo upande wa pili, la sivyo inalala. Kwenye 5x + 30 = 180 tumetoa 30 pande zote mbili. Kushoto ikaisha, kulia ikabaki 150. Basi.

Neno aljebra lenyewe linatoka kwenye Kiarabu, al-jabr, kutokana na kazi ya Al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad karne ya 9. Maana yake ni kuunga kilichovunjika, na lilitumika hata kwa kuunga mfupa. Kwake lilikuwa kuondoa kilichopunguzwa upande mmoja kwa kukirudisha pande zote mbili.

Mabano yana umuhimu gani? Nikiyaacha kuna shida?

Kuna shida, na mimi mwenyewe imenikuta mbele ya darasa. Swali lilikuwa na mstari mnyoofu: pembe moja 2x + 30, ya pili 3x. Nikataka kuonyesha njia nyingine, nikasema pembe ya pili ni kile kinachobaki, nikaandika haraka haraka 180 − 2x + 30 = 3x. Nikapata 210 = 5x, x = 42. Nikageuka, nikasema kwa majivuno pembe ni 114 na 126. Binti mmoja benchi la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona zimefika 240?"

Ilitakiwa iwe 180 − (2x + 30). Unaiondoa pembe nzima, si 2x peke yake, kwa hiyo 30 nayo inatoka: 150 − 2x = 3x, x = 30, na pembe zote mbili ni 90. Wanaimba MAGAZIJUTO kila asubuhi, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, halafu mwalimu wao anayasahau mabano. Tangu siku ile kila pembe yenye zaidi ya kipande kimoja naivalisha mabano, hata pale yasipohitajika.

Paa la nyumba linahusikaje? Mwalimu hupenda kuuliza mapaa.

Kwa sababu kenchi ni pembetatu yenye pande mbili sawa, na ukiielewa hiyo umeelewa nusu ya maswali.

Tulipokuwa tunapaua chumba cha nyuma, fundi alikata vichwa vya mbao za mteremko kwa jicho. Kenchi ya kwanza ikabaki na pengo kileleni, kidole kinaingia. Alitaka paa ambalo pembe ya kilele ni mara nne ya pembe ya kitako. Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika juu ya ubao wa mbao: pembe za kitako x na x, kilele 4x.

x + x + 4x = 180
6x = 180
x = 30

Kitako nyuzi 30 kila upande, kilele 120. Nguzo ya katikati inasimama wima na kuigawa kilele sawa kwa sawa, kwa hiyo kila mbao ya mteremko inakutana na nguzo kwa nyuzi 60. Ukikagua nusu ya kenchi: 30, 60, na 90 pale nguzo inapokanyaga mbao ya chini. Imetimia 180. Fundi akaweka alama, akakata, vichwa vikaumana. "Mwalimu," akaniambia, "hiyo x yako ungeileta jana."

Angalizo kwa wanafunzi: swali likikwambia pande mbili ziko sawa, pembe zilizo sawa ni zile zinazotazama pande hizo. Mchoro ukilalia ubavu, "kitako" si lazima kiwe chini.

Pembe ya nje ya pembetatu, kuna njia ya mkato?

Ipo. Ukirefusha upande mmoja wa pembetatu, pembe ya nje ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Ikiwa ya nje ni 6x − 5, na za mbali ni 2x + 15 na 3x:

6x − 5 = 5x + 15
x = 20

Ya nje ni 115, za mbali ni 55 na 60. Ukiisahau njia ya mkato tumia mstari mnyoofu kisha pembetatu, utafika huko huko kwa hatua mbili zaidi.

Nimepata desimali. Nimekosea?

Si lazima. 7x = 180 inakupa 25 na sehemu tano za saba, na hiyo ni pembe halali kabisa.

Nimepata x hasi! Hiyo sasa lazima nimekosea?

Nayo si lazima, na hili linawashangaza hata wa sekondari. Pembe mbili juu ya mstari mnyoofu: 120 − x na 40 − x.

160 − 2x = 180
−2x = 20
x = −10

Rudisha: 120 − (−10) ni 130, na 40 − (−10) ni 50. Jumla 180, hakuna kilichoharibika. x si pembe, kwa hiyo ina ruhusa ya kuwa hasi. Pembe ndiyo haina. Ukirudisha ukapata pembe hasi, au pembe ya ndani ya pembetatu iliyofika 180, hapo rudi kwenye sentensi yako.

Kuna x na y. Mlinganyo mmoja unatosha?

Hautoshi. Herufi mbili zinadai sentensi mbili. Pembetatu ina x, y na 80, na x imezidi y kwa 10. Sentensi ya kwanza: x + y = 100. Ya pili: x = y + 10. Weka ya pili ndani ya ya kwanza, 2y + 10 = 100, y ni 45, x ni 55.

Na maumbo yenye pande nyingi?

Kutoka kona moja chora mistari kwenda kona nyingine, umbo litagawanyika pembetatu. Pande n zinatoa pembetatu n − 2, kwa hiyo jumla ya pembe za ndani ni 180(n − 2). Pembenne mbili, 360. Pembenne yenye x, 2x, 3x na 4x: 10x = 360, x ni 36, pembe ni 36, 72, 108 na 144.

Nati ya pande sita inayokazwa kila siku kwenye gereji za Gerezani ina jumla ya 180 × 4, yaani 720, na kila kona 120. Ndiyo maana spana ya mdomo wazi unaweza kuitoa na kuirudisha kila baada ya nyuzi 60, na nati isijue tofauti.

Kuna swali la kinyume ambalo nalipenda: kila pembe ya ndani ni 150, umbo lina pande ngapi? Sasa kisichojulikana ni pande.

180(n − 2) = 150n
180n − 360 = 150n
30n = 360
n = 12

Mimi ni mzazi, hisabati niliiacha zamani. Namsaidiaje mtoto?

Mama, baba, huhitaji kujua x. Muulize mambo mawili tu. La kwanza: "Umesema nini kwa maneno?" Akishindwa kukwambia kwa Kiswahili kwamba pembe hizi ni sawa au zinajumlika kuwa kitu fulani, hajaelewa, hata kama daftari limejaa vema. La pili: mwambie ajumlishe majibu yake mbele yako. Kujumlisha 55, 60 na 65 kunahitaji jicho lako tu. Kuna mama anauza maandazi hapa jirani anayemkagua mwanawe hivyo huku anakanda unga, na mtoto yule hakosei kurudisha x.

Nilikuwa najua mada hii Darasa la Saba, nimefika Kidato cha Kwanza nimepotea. Nina tatizo?

Una tatizo la lugha, si la pembe. Somo limehamia Kiingereza, lakini mchoro ni ule ule, alama ya sawasawa ni ile ile, na 180 haijaongezeka. Tenga daftari dogo: ukurasa wa kushoto mchoro na sentensi yako ya Kiswahili, wa kulia namna kitabu kinavyoisema. Maneno yenyewe hayafiki ishirini. Usiache kufikiri kwa Kiswahili eti umekua, tafsiri mwishoni.

Nitumie kikokotoo?

Hapana.

Mishale ya saa nayo ni pembe?

Ni pembe, na kwetu ina utamu ambao wengine hawana. Mshale mrefu unazunguka 360 kwa dakika 60, yaani nyuzi 6 kila dakika. Mfupi unatembea nyuzi 30 kwa saa, nusu ya uzi kwa dakika. Mlinganyo unaoulizwa sana: baada ya saa saba kamili mchana, ni dakika ngapi zipite mishale ilaliane? Saa saba mshale mfupi uko kwenye 1, umeshatangulia nyuzi 30. Zikipita dakika m, mrefu umefika 6m, mfupi umefika 30 na nusu ya m:

6m = 30 + m/2
12m = 60 + m
11m = 60

Dakika 5 na sehemu tano za kumi na moja, karibu saa saba na dakika 5 na sekunde 27.

Utamu wenyewe ni huu. Saa nne asubuhi mshale mfupi uko kwenye 10, na pembe kati yake na mrefu ni 60. Mtoto mdogo akiambiwa achore saa nne, anaupeleka kwenye 4, na pembe inakuwa 120. Sitini na mia na ishirini ni 180. Jaribu saa mbili kamili: mshale wa kweli kwenye 8 unatoa 120, wa mtoto kwenye 2 unatoa 60. Tena 180. Kila saa kamili inakuwa hivyo, kwa sababu namba tunayoitamka na namba inayoonyeshwa zimepishana saa sita, yaani zimekaa ncha mbili za mstari mnyoofu unaopita katikati ya saa. Saa tatu na saa tisa ndizo za hatari: pembe ni 90 kokote mshale uendako, na mwalimu anayesahihisha kwa kuangalia pembe tu atampa mtoto vema asiyostahili.